Kuvua trauti Ziwa Ellis: Safari ya siku mbili, si ya siku moja

Ziwa Ellis liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ndani ya hifadhi ya taifa, karibu mita 3,450 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mji wa Chogoria hadi lango la hifadhi ni takriban kilomita 30 za kupanda msituni, na kutoka langoni kuna mwendo wa saa chache kwa miguu hadi ziwani. Kwa hesabu ya kilomita, mtu anaweza kudhani ni safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Wanaoipanga hivyo ndio hurudi na maumivu ya kichwa badala ya samaki.

Sababu ni urefu wa mlima. Mtu anayetoka maeneo ya chini kwa gari na kufika ziwani siku hiyo hiyo hajaupa mwili muda wa kuzoea hewa nyepesi. Ugonjwa wa mlima huweza kumpata yeyote anayepita mita 2,500, awe kijana au mzee, na mazoezi ya uwanjani hayamkingi. Huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo apumzike na asipande zaidi. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hata akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku na hata kama samaki ndio wameanza kula chambo. Kwa hivyo mpango mzuri ni kulala usiku wa kwanza karibu na lango, kwenye mita 2,950 hivi, kisha kwenda ziwani alfajiri.

Baridi nayo haina mzaha. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6, kwa hivyo adhuhuri ya nyuzi 24 mjini huweza kuwa ya nyuzi 12 au chini ya hapo ziwani. Usiku umande huganda ukawa barafu nyasini. Nguo za pamba zikilowa hazikaushwi na jua la huko. Afadhali sweta la sufu, koti la mvua, kofia, gambuti na mfuko mzito wa kulalia. Miezi ya Januari na Februari, na ya Julai hadi Septemba, huwa na mvua kidogo kuliko mingine, ingawa upande huu wa mlima hupata ukungu na manyunyu wakati wowote. Wakati wa mvua za masika na za vuli barabara ya msituni huwa utelezi mtupu, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hukwama.

Trauti si samaki wa asili wa mlima huu. Wa kwanza waliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Uskoti na kutiwa katika Mto Gura, Aberdare. Baadaye aina ya pili, yenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ililetwa kutoka Afrika Kusini. Wote wanataka maji baridi yenye hewa nyingi. Maji yakizidi nyuzi 20 huanza kudhoofika, ndiyo maana hawapatikani katika mito ya nyanda za chini. Hutaga mayai kwenye changarawe ya kijito kinachotiririka. Ziwa lisilo na kijito kama hicho huhitaji kuongezewa vifaranga, na chakula katika maji baridi ni haba, kwa hivyo samaki hukua polepole. Kikundi kimoja chenye tamaa kinaweza kuliacha ziwa dogo tupu kwa muda mrefu. Nyavu hazina nafasi huko.

Mvuvi anahitaji leseni, na masharti yake ndiyo yanayoeleza ukubwa na idadi ya samaki anayoruhusiwa kubeba. Ni vyema kuulizia ofisi ya uvuvi ya kaunti siku kadhaa kabla ya safari. Ada ya kuingia hifadhini ni jambo tofauti: hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia eCitizen, wala si kwa fedha taslimu langoni. Alipe akiwa mjini, maana mtandao wa simu msituni ni wa kubahatisha.

Ziwani, saa nzuri ni alfajiri na magharibi, au mawingu yanapofunika jua. Trauti huona mbali. Anayesimama wima ukingoni na kivuli chake kikaanguka majini huwafukuza kabla hajarusha mshipi. Chambo kinachofaa ni kile bandia kilichofungwa manyoya kikafanana na mdudu. Anayemrudisha samaki majini alowanishe mikono kwanza, kwa sababu mikono mikavu humvua ute unaomkinga na maradhi. Kumhamisha samaki hai kutoka ziwa moja hadi jingine si ruhusa.

Kupika ni kwa jiko la gesi. Nyasi na vichaka vya juu vikikauka hushika moto upesi; mioto mikubwa ya mwaka 2012 na 2019 iliteketeza maeneo mapana ya mlima huu, ambao ndio chanzo cha mito inayonywesha kaunti. Plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 5, 2020, na mifuko hukaguliwa.

Msituni kuna nyati na ndovu, kwa hivyo ni salama zaidi kutembea na mwongozaji anayeijua njia, na kuwaarifu askari langoni siku na saa inayotarajiwa ya kurudi. Kikundi kisipotokea, wao ndio watakaojua kwa kuanzia kutafuta.