Kauri: Gamba na Chombo

Neno kauri lina maana mbili: gamba dogo jeupe la baharini, na chombo cha namna iliyoanza China. Waitalia nao walitumia neno moja, porcellana, kwa vitu hivyo viwili, kwa sababu ya mng'ao wao.

Lakini mng'ao peke yake haufanyi kauri. Mfinyanzi wa Shirimatunda, mjini Moshi, akifinyanga chombo cha maua kwa udongo mwekundu wa mlimani, kisha akakipaka rojo la madini ligeukalo kioo tanurini, atapata chombo king'aacho, wala si kauri. Udongo huo mwekundu una chuma kingi, hauwi mweupe. Kauri hutaka kaolini, kama ile ya Pugu karibu na Dar es Salaam, ikichanganywa na unga wa mawe yayeyukayo, na kuchomwa kwa joto la digrii 1,200 hadi 1,400 za sentigredi, hata mwili wenyewe ushikamane usipenywe na maji. Mitungi ya Wapare, iliyouzwa tangu zamani katika masoko ya Uchagani, ilichomwa kwa moto wa wazi ikabaki na vitundu. Ndiyo sababu ilipoza maji.

Basi yafaa wafasiri wakiite kauri kile tu kilicho kauri mpaka ndani; king'aacho kwa nje kiitwe chombo cha udongo kilichopakwa kioo.