Jina tunaloitwa linatudai nini?



Katika shule za theolojia tunajifunza falsafa ya Wagiriki, kwa sababu Agano Jipya liliandikwa kwa lugha yao. Wachina hatuwasomi sana. Lakini kuna swali moja ambalo pande zote mbili zililiuliza, nalo linagusa makanisa yetu: maneno yetu yana uhusiano gani na mwenendo wetu?

Tuanze na Ugiriki. Katika karne ya nne K.K., Platon aliandika mazungumzo yaitwayo Cratyle. Mmoja anadai kwamba kila kitu kina jina lake la asili. Mwenzake anasema majina ni mapatano ya watu tu. Socrate anawapima wote wawili, kisha anaonyesha kwamba ni heri kukijua kitu chenyewe kuliko kutegemea jina lake. Aristote naye alifundisha kwamba msema kweli ni yule anayelieleza jambo jinsi lilivyo. Basi, swali lao kubwa lilikuwa hili: je, neno linalingana na jambo?

Confucius (551–479 K.K.) alianzia mahali pengine. Mwanafunzi wake Zilu alimwuliza angeanza na kazi gani kama mtawala wa Wei angemkabidhi serikali. Akajibu kwamba angeanza kwa kunyoosha majina. Zilu aliona jibu hilo liko mbali na shida za nchi. Mwalimu akamkemea, akamweleza kwamba majina yakipotoka, usemi unapotoka. Usemi ukipotoka, kazi zinaharibika, na hata adhabu zinatolewa ovyo, mpaka raia hajui tena afanye nini.

Kwa nini Wei? Huko mwana alikuwa ameshika utawala, na baba yake, aliyekuwa uhamishoni, aliutaka. Mmoja aliitwa baba, mwingine mwana, lakini hakuna aliyeishi kulingana na jina lake. Mwaka 480 K.K. baba alimpindua mwanawe, na Zilu, aliyekuwa akitumika huko, akauawa katika machafuko hayo. Lile jambo aliloliona dogo ndilo lililomfikia.

Tusizidishe tofauti. Xunzi, mfuasi wa mafundisho ya Confucius katika karne ya tatu K.K., alikubali kwamba majina ni mapatano ya watu. Ila alionya kwamba kuyachezea ni kuvuruga nchi. Socrate naye aliuliza maana ya haki ili watu waishi kwa haki. Tofauti iko kwenye mkazo: Mgiriki analipima neno kwa jambo, Mchina anampima mtu kwa jina analobeba.

Sisi Wakristo tunahitaji mizani yote miwili. Yohana alipoanza Injili yake alitumia neno la Kigiriki Logos. Biblia yetu inasema Neno. Biblia ya Kichina iliyotoka mwaka 1919, inayosomwa sana hadi leo, inasema Dao, na maana yake ya kwanza ni njia, ingawa pia ni kusema. Kwa hiyo msomaji wa Kichina anasikia mara moja kwamba Neno la Mungu ni la kutembea ndani yake. Yakobo anatukumbusha jambo hilo hilo: tusiwe wasikiaji tu.

Sasa tujitazame. Rushwa tunaiita matabishi, na dhamiri inalala. Anayechoma kijiji anajiita mkombozi. Aliyekimbia vita akafika parokiani kwetu tunamwita mkimbizi mwaka baada ya mwaka, wakati Bwana alishatuambia jina lake: jirani. Nabii Isaya alitoa ole juu ya wanaoita uovu wema. Na kwetu watumishi, majina ya nabii, mtume na askofu yanaongezeka. Je, utumishi unaongezeka vilevile? Mimi naitwa mchungaji. Jina hilo linaniuliza kila jioni: kondoo aliyepotea wiki hii, umemtafuta?

Wiki hii, kila mmoja achukue jina moja analoitwa: mama, baba, shemasi, mwalimu, Mkristo. Aulize mbele za Mungu kama linasema kweli. Likiwa halisemi kweli, tusibadilishe jina. Tutubu, tubadilishe mwenendo.

Neema ya Bwana iwe nanyi.