Mwani si Kuvu

Majuzi mwalimu mmoja wa shule ya upili aliniuliza iwapo Kiswahili kina neno la kutajia ule utando wa kijani unaoelea kwenye mabwawa na kushika kuta za matangi ya maji. Baadhi ya wanafunzi wake huuita ukungu, wengine kuvu, naye hajui awasahihishe vipi.

Kosa hilo si dogo. Kuvu haina umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na aghalabu hujipatia riziki kwa kuozesha vitu vingine. Mwani hujitengenezea chakula chake kwa usanidinuru sawa na mmea wa mahindi, ingawa hauna mizizi, shina wala majani ya kweli. Kuuita mwani kuvu ni kumwita mwenye shamba mla makombo.

Watu wa pwani wanalo neno mwani tangu jadi, nao hulitumia kwa majani ya bahari yanayosukumwa ufuoni na mawimbi. Wasomi wamelipanua likajumuisha hata viumbe vya seli moja visivyoonekana kwa macho. Wapo wanaopendelea alga. Mimi sioni sababu ya kukopa ilhali tunacho chetu.

Anayedhani tunabishania neno tu, na aende Kibuyuni, Kaunti ya Kwale. Huko akina mama hungoja maji yakupwe, wakafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi, kisha wakavuna baada ya wiki sita hivi. Mwani huo mwekundu hutoa karajinani, inayoongezwa katika aiskrimu na dawa ya meno ili viwe vizito. Agari ambayo mwalimu wa biolojia huoteshea bakteria maabarani nayo hutokana na miani myekundu. Huko Unguja, kilimo hiki kilishamiri tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini aina yenye bei nzuri zaidi imeshindwa kustahimili bahari inayozidi kupata joto, na wakulima wengi wamebaki na ile ya bei ya chini.

Tusisahau pumzi. Takriban nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani hutoka baharini, nyingi ikitolewa na viumbe vidogo mno vinavyoelea majini.

Hata hivyo, si kila kijani ni mwani. Heroe wa Ziwa Bogoria, ndege ambao wengi wetu huwaita flamingo, hupata chakula na rangi yao ya waridi kutoka kwa kiumbe kilichozoeleka kuitwa mwani wa kijani-buluu, ambacho wanasayansi wamekwisha kukihamishia katika kundi la bakteria. Jamaa zake ndio wanaotanda katika Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria, mbolea na maji taka yanapowalisha kupita kiasi. Baadhi yao hutoa sumu, na wanapokufa na kuoza, oksijeni huisha majini, samaki wakafa. Mvuvi anayetazama maji hayo anastahili kuelezwa hayo yote kwa lugha anayoielewa.

Nilimjibu mwalimu yule aandike mwani ubaoni, kisha awatoe wanafunzi darasani wakaukwangue wenyewe kwenye kuta za tangi la shule. Kuvu wataiona kwenye mkate wa juzi.