Mume Akikuita Marekani
Mpendwa mama, mumeo aliye raia wa Marekani akikuombea ukaazi wa kudumu, furahi, lakini itazame kadi utakayopewa. Ikiwa siku hiyo ndoa yenu haijatimiza miaka 2, ukaazi wako una masharti, na kadi ni ya miaka 2 tu. Katika siku 90 za mwisho mnapaswa kuomba pamoja masharti yaondolewe.

Wako waume wanaoigeuza karatasi hiyo kuwa fimbo: “Ukisema, sitii sahihi!” Dada, usivumilie kipigo kwa ajili ya kadi. Mke aliyeteswa aweza kuomba peke yake, hata kabla ya siku hizo, akithibitisha mateso na kwamba aliolewa kwa nia njema. Tunza cheti cha ndoa na ripoti za daktari na polisi. Ndoa ni agano, si kifungo.