KIOO KITUPU SI ZIWA TUPU

Dereva wa lori anayesafiri usiku kati ya Malaba na Tororo huwasha taa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuiona njia. Ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kuonekana na yule anayekuja mbele yake. Mtambo wa kutambulisha vyombo vya majini, ujulikanao duniani kote kwa herufi AIS, ulibuniwa hasa kwa ajili ya sababu hiyo ya pili. Hapo ndipo penye faida yake, na hapo hapo ndipo penye upungufu wake.

Mji wa Tororo hauna ufuko, wala mji wa Busia hauna. Lakini Wilaya ya Busia, upande wa Uganda, inafika Ziwa Viktoria huko Majanji. Na Busia ya Kenya inafika ziwani Sio Port na Port Victoria. Kati ya pwani hizo imelala Ghuba ya Berkeley, na mpaka wa nchi mbili unapita juu ya maji yasiyo na mawe ya alama wala lango la forodha. Askari aliyezoea kukagua pasi na mizigo mjini Busia aweza kupewa amri leo, na kesho akajikuta ndani ya mashua ya doria.

Mtambo wenyewe si wa kuogopesha. Hupata kutoka kwenye setilaiti mahali chombo kilipo, kisha hutangaza habari hiyo kwa redio ya VHF katika masafa mawili yaliyotengwa kwa kazi hiyo, megahezi 161.975 na 162.025. Hutaja namba ya chombo, mwendo wake na upande kinakoelekea. Chombo kingine chenye mtambo kama huo hupokea tangazo na kuonyesha alama katika kioo chake. Tena hupiga hesabu mbili zenye manufaa makubwa: vyombo hivyo viwili vitapishana kwa umbali gani, na baada ya dakika ngapi.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulizitaka meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi ziwe na mtambo wa Daraja A kufikia mwisho wa mwaka 2004. Miezi michache baadaye, tarehe 8 Mei 2005, maji baridi ya Ziwa Viktoria yalitoa ushahidi wake. Meli mbili za Uganda zilizojengwa kwa mfano mmoja ili kuvusha mabehewa ya reli, Kabalega na Kaawa, ziligongana. Kaawa iliumia sehemu ya mbele, Kabalega ikazama. Hii haikuwa mitumbwi iliyopotezana gizani. Zilikuwa meli kubwa zenye manahodha na mabaharia wa kazi.

Mwenye mashua ya starehe, au ya kutembeza wageni, halazimiki kununua Daraja A. Yeye huchagua kati ya vitu vitatu. Kipo kipokezi kitupu, ambacho husikia wengine lakini chenyewe ni bubu. Ni rahisi kwa bei, ila kukinunua hicho peke yake ni sawa na yule dereva kuendesha bila taa huku akifurahi kuziona taa za wenzake. Upo mtambo wa Daraja B wa kawaida, wenye nguvu ya wati 2, ambao hutangaza mara moja katika kila sekunde 30 chombo kinapokwenda. Na upo wa Daraja B ulio bora zaidi, wa wati 5, ambao huongeza wingi wa matangazo kadiri mwendo unavyoongezeka.

Tofauti hiyo yastahili kupigiwa hesabu. Mashua iendayo maili 25 za bahari kwa saa hukata karibu mita 390 katika sekunde 30. Alama yake katika kioo cha mwenzake yaweza kuwa nyuma kwa umbali huo wote. Kwa mashua ya matanga iendayo taratibu, wati 2 zinatosha. Kwa mashua ya injini kubwa, na hasa zile zinazofanana na mashua za doria, fedha iliyozidi ina kazi yake.

Antena nayo hudharauliwa mno. Mawimbi ya VHF husafiri karibu na mstari ulionyooka, hivyo antena iliyofungwa juu ya mlingoti hufika mbali kuliko iliyofungwa ubavuni, na kisiwa au rasi hukata mawasiliano. Waya uliopata kutu hula nguvu yote kabla haijafika hewani. Simu ya mkononi inayoonyesha meli kwa njia ya intaneti si badala ya mtambo. Habari zake hutegemea kituo cha pwani kilichozipokea na huchelewa, na mahali pasipo na kituo haonyeshi kitu.

Kisha ipo namba. Kila mtambo hupewa namba ya tarakimu tisa, ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi: 634 ni Kenya, 675 ni Uganda, 674 na 677 ni Tanzania. Namba hiyo hutolewa na mamlaka ya nchi. Mtu anayenunua mtambo uliotumika kwingine na kuufunga bila kuubadilishia namba hutembea na jina la mwenziwe, na siku ya ajali waokoaji watatafuta chombo kingine. Kwa polisi, mashua iliyofungwa gatini Majanji huku ikijitangaza kwa namba ya nchi ya mbali ni jambo la kuuliza kwa upole kwanza, maana mara nyingi huwa ni uzembe kuliko hila.

Hata hivyo hila ipo. Mtambo husema kile ulichoambiwa useme. Wavuvi wa Port Victoria wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hukamatwa na walinzi wa Uganda wakiwa bado katika maji ya Kenya, na walinzi nao husema vingine. Mzozo wa kisiwa cha Migingo, uliopamba moto mwaka 2009, ulionyesha jinsi mstari usioonekana unavyoweza kuchukiza majirani. Kumbukumbu ya mtambo yaweza kusaidia kukata shauri, lakini ilinganishwe na kumbukumbu ya mashua ya doria yenyewe, iliyoandikwa saa ile ile.

Mashua ya doria ina ruhusa ya kunyamaza. Mitambo mingi ina kitufe cha kuzuia kutangaza huku ikiendelea kupokea, na hakuna anayetegemea wawinda magendo wajitangaze. Lakini kamanda akumbuke kwamba tangu dakika ile amezima taa za lori lake. Mashua ya starehe inayomwamini mtambo wake haitamwona, na wajibu wote wa kukwepa umekuwa wake.

Mtambo huu pia hautibu kila ugonjwa. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya starehe iliyojaa watu waliokuwa wakistarehe ilizama karibu na pwani ya Mukono, na zaidi ya watu 30 walikufa. Haikugongwa na chombo chochote. Kwa maafa ya namna hiyo dawa ni kuhesabu abiria na kuwavalisha majaketi ya kuokolea kabla ya kung'oa nanga.

Katika Ghuba ya Berkeley jambo zito kuliko yote ni wingi wa vyombo vya mbao visivyo na mtambo wa aina yoyote. Usiku usio na mwezi ndio usiku wa kuvua omena, ambao Waganda huwaita mukene. Wavuvi huwasha taa juu ya maji kuwavuta samaki na kutandika nyavu zao, na kwa AIS hakuna hata mmoja wao aliyepo. Kengele ya mtambo italia kwa ajili ya meli iliyo mbali na kukaa kimya mbele ya mtumbwi ulio mita 50. Ndiyo maana kanuni za kuepusha kugongana za mwaka 1972 huweka mbele macho na masikio, na hukataza kukata shauri kwa habari haba. Mashua ya doria itokayo Sio Port katika usiku wa namna hiyo humweka askari mmoja mbele kabisa, kurunzi mkononi, mgongo wake ukiwa umeelekezwa kwenye kioo ili mwanga wake usimharibie macho, na mwendo hupunguzwa mpaka atakapopaza sauti kwamba maji yako wazi.