Je, Wajua? Jasho la Nani, Ardhi ya Nani

Je, wajua kwamba mwaka mmoja tu baada ya Wajerumani kuiteka ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga, Iringa, Oktoba 1894, walitoa amri ya kuifanya ardhi yote "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola lao? Malisho na mashamba yaliyopumzishwa, ambayo wenyeji waliyajua mipaka yake, yaliweza kuhesabiwa hayana mwenyewe.

Wajua Wanyakyusa wa Rungwe waliishije? Vijana wa rika moja walijitenga na baba zao, wakajenga kijiji chao. Ulipofika wakati wa ubusoka, kizazi cha wazee kilikabidhi utawala kwa vijana, na ardhi ikagawanywa upya. Kisha ikaja kahawa. Mbuni huzaa miaka mingi. Nani atakubali kuhama auache? Zao moja likaanza kulifunga shamba kwa mtu mmoja, bila sheria yoyote kuandikwa.

Mwingereza John Locke angelifurahia jambo hilo. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1689 alidai kwamba ukichanganya jasho lako na ardhi, ardhi inakuwa yako, mradi uwaachie wengine ya kutosha na nzuri vilevile.

Na je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa na jibu tofauti? Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika wamiliki ardhi moja kwa moja na kuweza kuiuza, aliandika "Mali ya Taifa". Ardhi, alisema, ni zawadi ya Mungu. Ukifyeka pori umeiongezea thamani, na nyongeza hiyo ni yako. Udongo wenyewe haukuutengeneza wewe. Aliona mbali: maskini wangeuza, kisha wajukuu wao wawe wapangaji katika nchi yao. Kwangu mimi, hoja hii inamshinda Locke. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ulifutwa, na sheria zetu hadi leo zinataja fidia ya "maendelezo" yaliyofanywa juu ya ardhi.

Lakini kulinda ardhi ya wote kwa kuwalazimisha watu ni jambo jingine. Isimani, Iringa, siku ya Krismasi 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Kleruu, aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi shambani kwake. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa.

Wajua kwamba wilaya ya Mbozi, wakati huo ikiwa mkoani Mbeya, ilikuwa ya kwanza kujaribiwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999? Na kwamba vijiji vya Iringa vilipimwa mashamba kwa simu za mkononi, vijana wa kijiji wakitembea mpakani pamoja na majirani?

Sheria hiyo inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuwa ya muda usio na kikomo.

Basi, msomaji wa Mufindi, Kilolo au Rungwe: shamba lako likiwa bado halina hati, fika ofisi ya kijiji uulize, na jina la mkeo liandikwe kando ya lako.