Kabla ya kuwafungulia wanunuzi mlango

Apitaye katika njia za Bukavu, za Goma au za Lubumbashi huona mara nyingi maneno yaliyoandikwa kwa rangi ukutani: «Nyumba hii haiuzwi». Pengine yameandikwa kwa Kifaransa, pengine herufi zimepinda, lakini maana ni ile ile. Mgeni hustaajabu na kuuliza: Ya nini kutangaza kwamba huuzi? Wenyeji hawastaajabu. Wajua ya kuwa wako watu wauzao nyumba isiyo yao. Tena wako ndugu wauzao kwa siri nyumba ya marehemu, na mjane angali akipika ndani yake.

Leo twataka kusema habari za jamaa iliyokusudia kweli kuuza. Labda baba amepata kazi mahali pengine, labda watoto wameongezeka na vyumba havitoshi. Wanunuzi watakuja kutazama. Nyumba itengenezwe namna gani? Wengi hudhani ni kazi ya fagio na ndoo moja ya chokaa. Fagio na chokaa vina kazi yake, nasi tutavifikia. Lakini kwanza watengenezwe watu wakaao ndani.

Fikirini bwana aliyepatana na komisioneri, yaani mmoja wa wale wapatanishi wa mjini, bila kumwambia bibi yake neno. Siku ya tatu wageni wawili wabisha hodi.

«Mama, twaomba kuona chumba cha nyuma.»

«Cha nyuma, Baba? Kuna nini huko?»

Bwana atazama chini. Mnunuzi mwenye akili hangoji zaidi. Huaga kwa adabu na kwenda zake. Naye afanya vema, kwani Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yadai mapatano ya bwana na bibi wote wawili ili nyumba iuzwe, hata kama mali yao imetengwa. Na ikiwa nyumba ni urithi usiogawanywa bado, warithi wote wapatane. Basi yafaa jamaa ikae pamoja jioni moja, watoto wakubwa wakiwamo, waseme bei, waseme watahamia wapi. Kama kuna wapangaji, nao waambiwe mapema. Si haki mtu aamshwe na wageni wanaopima kitanda chake kwa macho.

Pili, karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha kuandikishwa tu, kitolewacho na mhifadhi wa hati za viwanja. Jamaa nyingi hazina cheti hicho. Zina karatasi ya mtaa au hati ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi. Si aibu. Ila mnunuzi aambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa kuwa bei ya nyumba yenye cheti na bei ya nyumba isiyo nacho haziwezi kulingana. Wekeni pia risiti za maji na za umeme, deni lionekane kama lipo. Karatasi zenyewe zisomwe mezani, zisitoke nyumbani. Atakaye kwenda kuziuliza ofisini apewe nakala.

Sasa twaja kwenye nyumba yenyewe. Hapo twataka kukawia kidogo juu ya nyufa, hasa kwa ajili ya wasomaji wetu wa Bukavu. Mji huo umejengwa juu ya vilima, na udongo wa mahali pengine, kama huko Funu katika Kadutu, hutelemka polepole mwaka kwa mwaka. Tena tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliacha alama katika kuta nyingi. Kwa hiyo mnunuzi wa Bukavu hutazama ukuta kabla ya kutazama sebule. Akiona lipu mbichi imepakwa mstari mmoja kutoka dirishani hata chini, hajidanganyi.

Lakini si kila ufa ni hatari. Ufa mwembamba kama unywele, ulio katika lipu tu, huja lipu ikikauka upesi. Ufa ulio mahali nyumba ya zamani inapokutana na chumba kilichoongezwa baadaye ni jambo la kawaida: kila upande huketi juu ya msingi wake, wala haushuki sawa na mwenzake. Zitazameni zile nyumba za matofali za Bagira, zilizojengwa na ofisi ya miji ya Waafrika iliyoanzishwa mwaka 1952: nyingi zimeongezwa vyumba nyuma au ubavuni. Ufa wa kuogopwa ni ule ukatao matofali yenyewe kwa mshazari, ukizidi kupanuka.

Utajuaje kama wapanuka? Kwangua lipu, safisha ufa, kisha pakaa bonge jembamba la saruji juu yake, pana kama kiganja, na kuandika tarehe. Ngoja miezi miwili au mitatu, heri mvua zikiwamo. Bonge likikatika, ukuta ungali ukienda. Fundi aitwe atazame msingi na njia ya maji. Likibaki zima, ziba ufa bila hofu, na bonge lile liache lionekane. Tarehe iliyoandikwa ukutani huaminiwa kuliko maneno mia ya komisioneri.

Unyevu nao una hila yake. Wengi hupaka rangi juu ya ukuta ulioloa. Baada ya majuma machache rangi yafanya malengelenge na kubanduka. Tafuteni kwanza maji yatokako: msumari wa bati uliolegea, mfereji wa paa uliojaa majani, au udongo uliorundikana nyuma ya nyumba kupita kimo cha sakafu. Huko milimani hilo la mwisho ni la kawaida sana, na dawa yake ni jembe. Chimbeni mfereji, maji yapate njia, nayo yasielekezwe kwa jirani wa chini. Ukuta ukauke. Ndipo chokaa.

Fagio, madirisha, bawaba ziliazo, kioo kilichovunjika: mama wa nyumba hana haja ya kufundishwa na sisi. Twaongeza mawili tu. Choo kioshwe kuliko sebule, kwa maana mgeni hatasema neno juu ya choo kibaya, lakini atakikumbuka atakapotaja bei. Na vitu vilivyojaa vyumbani, magunia na baiskeli mbovu, vipelekwe kwa ndugu kwa muda, kuta zionekane hata pembeni. Fedha na hati zifungiwe. Wageni wasitembee peke yao. Mtu mmoja wa nyumba awaongoze, mwingine akae na watoto.

Itakuwaje wakija mvua ikinyesha? Wengine huwarudisha wakiona haya. Sisi twasema waingie! Paa lisilovuja halina siku njema kuliko hiyo. Na kama lavuja katika chumba kimoja, mama aseme: «Hapa maji huingia, Baba, fundi alituambia mabati mawili yabadilishwe.» Mnunuzi atapunguza bei ya mabati mawili. Akigundua mwenyewe baadaye, atadhani paa zima limeoza.

Mkipatana, fedha zisihesabiwe sebuleni mbele ya makomisioneri. Heri zipitie benki. Kisha bwana na bibi waende pamoja na mnunuzi kwa mhifadhi wa hati, ili cheti kiandikwe kwa jina jipya. Funguo hutolewa siku ya kuhama, zote pamoja, hata ule wa choo, maana huo ndio husahauliwa mfukoni.